Vita vya Ridda: kabla hujasema "waliritadi wakapigwa" soma kwanza habari ya ngamia na kamba yake

Karani wa Kale:

Wakuu salaam,

Juzi kwenye grupu la ukoo jamaa yetu mmoja katupia ujumbe wa mistari mitatu, kwamba Mtume (s.a.w) alipofariki makabila ya Kiarabu yote yakaritadi, yani yakauacha Uislamu (ndo maana ya Ridda), Abubakar akawapelekea majeshi, wakapigwa wakarudi, mwisho wa habari. Watu wakagonga dole gumba wakahamia kwenye mchango wa harusi. Mimi nikabaki na kitu rohoni maana hii Ridda nimeisoma miaka na kila nikiirudia naona si habari ya mistari mitatu, tena sehemu nyingi ukichimba chanzo chake unakuta mnyama. Ngamia. Mbuzi. Au kamba ya kumfungia huyo ngamia. Nitaleta kipande kipande, muda wenyewe wa kuiba, mnivumilie.

Tuanze Juni 632, yani mwaka wa 11 Hijria. Mtume kafariki Madina, hata maziko bado, wakubwa wako kwenye banda la Banu Saida wanavutana nani ashike, mwisho anapewa Abubakar. Sasa jeshi la maana lililokuwepo lilishaamriwa kwenda mipaka ya Sham (Syria na jirani zake) chini ya Usama bin Zayd, kijana mdogo tu wa miaka 20 hivi au pungufu. Watu wakamwambia khalifa mzee wetu hili jeshi libakishe, huko nje hali si hali. Akagoma katakata, bendera aliyoifunga Mtume kwa mkono wake yeye haifungui. Akamsindikiza Usama kwa miguu, kijana yuko juu ya mnyama, anaona haya, anasema ewe khalifa ama upande ama nishuke mimi, mzee akakataa vyote viwili akaendelea kutembea mchangani.

Jeshi likaondoka. Madina ikabaki nyeupe.

Hapo ndo wajumbe wa makabila ya jirani, Asad, Ghatafan na wenzao, wakaingia mjini na hoja yao: sala tutasali, zaka hatutoi. Na hapa msiruke, kwa sababu Omar mwenyewe, Omar yule mnayemjua, alimwambia Abubakar utawapigaje watu wanaosema laa ilaaha illallah? Jibu la Abubakar ndo maarufu, limo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, kwamba wallahi wakininyima hata kamba ya ngamia waliyokuwa wakimpa Mtume nitawapiga kwayo. Mapokezi mengine yanasema mbuzi mchanga. Kamba au kimbuzi, thamani yake ni ile ile, kitu cha kuokota. Ila mzee aliona ukiachia kamba leo kesho hakuna kitu kinachoitwa Madina.

Wajumbe wakarudi kwao wakasema mji hauna watu. Abubakar alishalisoma hilo, akaweka Ali, Zubayr, Talha na Ibn Masud kwenye njia za milimani kulinda, na watu wote wakae msikitini tayari. Siku tatu tu, usiku, wakavamiwa. Walinzi wakashikilia, Abubakar akatoka na watu wa msikitini juu ya ngamia wa kuchotea maji, maana wale wa vita wako na Usama. Wakawafukuza wavamizi mpaka bonde moja linaitwa Dhu Hussa. Kumbe kule wenzao wanawasubiri na viriba. Wamevijaza upepo, wamevifunga kamba, ngamia walipofika wale jamaa wakavisukuma kwa miguu vikaanza kubingirika kuja usoni mwa ngamia. Wakuu, ngamia wa kisima hajawahi kuona kiriba kinamfuata chenyewe! Waligeuza wote wakatoka nduki na waliowapanda juu yao, breki ya kwanza Madina. Hakufa mtu, hata kuanguka hakuanguka mtu, ila ile aibu.

Wavamizi wakaamini mji umekwisha, wakawaita na wenzao waliokuwa Dhu al-Qassa waje kumalizia. Usiku ule ule Abubakar hakulala, akapanga watu upya, watoto watatu wa Muqarrin akawapa kulia, kushoto na nyuma, wakaenda kwa miguu kimya kimya, alfajiri wale jamaa wanashtuka upanga uko shingoni. Jua kuchomoza walishakimbia.

Naendelea baadae.

Bwashee77:

Siti ya mbele kabisa nimekaa na kahawa yangu na kashata. Ila mkuu swali dogo, si walikataa nguzo ya dini? Sasa kusema waliritadi kosa liko wapi?

Karani wa Kale:

@Bwashee77 sijasema hakuna walioritadi, walikuwepo na wengine walifuata manabii wao kabisa, nitawafikia. Ninachosema ni kwamba vitabu vimewaweka kapu moja watu ambao kila mmoja alikuja na lake.

Fikiria we ni chifu wa nyika huko Najd, katikati ya Arabuni. Mwaka wa 9 Hijria umeenda Madina na ujumbe, umeshikana mkono na Mtume, umerudi. Kwa desturi za Waarabu wa zamani mkataba ni wa watu wawili, mmoja akifa mkono umeachana. Kuna beti anazohusishwa nazo mshairi al-Hutaya, maana yake ni hii: tulimtii Mtume alipokuwa kati yetu, jamani huyu Abubakar ana nini? Naye akifa atamrithisha Bakr? (Bakr ni ngamia dume kijana kwa Kiarabu, kwaiyo hapo kuna kejeli ndani yake.) Huyo mtu hapingi tauhidi, anapinga Maquraysh, kabila la Mtume na Abubakar, kuwa wafalme wake. Kwa Madina haya mambo mawili yalishakuwa kitu kimoja, kwa chifu wa nyika bado yalikuwa mawili, na pengo hilo ndo limeliwa na panga mwaka mzima.

Na kuna waliokuwa wa kabila tu bila aibu. Mtu mmoja, Talha wa Namir, alienda Yamama, nchi ya Banu Hanifa, kumpima Musaylima aliyejiita nabii wao, akamhoji hoji, mwisho akamwambia nashuhudia wewe ni mwongo na Muhammad ni mkweli, lakini mwongo wa Rabia tunampenda kuliko mkweli wa Mudar (Rabia ni kundi la makabila la Musaylima, Mudar ni la Mtume). Hahaha, hii mtu wa siasa za kwetu haihitaji maelezo. Akabaki kwa Musaylima akapigana mpaka akafa.

Usama aliporudi salama, Abubakar akafunga bendera 11 pale Dhu al-Qassa. Khalid bin Walid aende kwa Tulayha kisha kwa Malik bin Nuwayra. Ikrima mtoto wa Abu Jahal aende Yamama na Shurahbil amfuate nyuma. Al-Ala bin al-Hadrami Bahrain, na Bahrain ya siku zile ni ule mwambao mzima wa mashariki si kisiwa peke yake. Hudhayfa bin Mihsan Omani, Arfaja Mahra, Muhajir Yemen, Amr bin al-As kwa Qudaa, na wengine. Muda mfupi hivyo bara zima la Arabuni limezungukwa.

Binti_Shangani:

Kaka Karani usimruke Tulayha tafadhali, ile ya kwenye hema 😂

Karani wa Kale:

Bibie simruki, hiyo ndo dessert.

Tulayha bin Khuwaylid wa Banu Asad alijitangaza nabii. Mapambano yakawa kisimani Buzakha. Upande wake yuko Uyayna bin Hisn na watu 700 wa Fazara. Kabla ya hapo Adi bin Hatim, mtoto wa yule Hatim wa ukarimu, alishamwomba Khalid siku tatu azungumze na kabila lake la Tayy, akarudi na wapiganaji 500 wamehamia upande wa Khalid bila tone la damu, na hii kwangu mimi ndo kazi kubwa kuliko zote katika vita hivi ila watu hawaisimulii kwa sababu haina upanga.

Sasa vita vinawaka, Uyayna anapigana jasho linamtoka, Tulayha yeye kajifunika joho kakaa kwenye hema la manyoya anasubiri wahyi, ufunuo kutoka mbinguni. Uyayna anakuja mbio, vipi Jibrili kashafika? Bado. Anarudi kupigana. Anakuja tena, kafika? Bado. Anarudi, hali inazidi kuwa mbaya, anakuja mara ya tatu, kafika? Amefika. Kasema nini? Kasema una jiwe la kusagia kama jiwe lake, na una habari hutoisahau. Uyayna akamwangalia, akasema naona kweli Mungu alijua utapata habari hutoisahau, enyi Fazara twendeni zetu, huyu mtu mwongo. Wakaondoka. Tulayha alishaweka farasi wake tayari na mnyama wa mkewe Nawar, akampakia mkewe wakakata mbuga mpaka Sham.

Muscat_kwa_Muda:

Assalam alaykum wanauzi. Mimi nipo huku Muscat, wazee wangu wa Unguja walirudi baada ya 64. Umeandika Hudhayfa kaenda Omani umepita kama basi la mwendokasi, sasa ngoja mimi niongeze maana huku hii habari watu hawaipendi ilivyoandikwa.

Ilivyo kwenye vitabu vya Iraq: Laqit bin Malik wa Azd, wanamwita Dhu al-Taj mwenye taji, aliinuka Dibba, wale wafalme wawili ndugu Jayfar na Abd watoto wa Julanda, ambao ndo waliopokea barua ya Mtume kwa mkono wa Amr bin al-As na wakasilimu bila vita, wakakimbilia milimani na baharini. Wakaja Hudhayfa, Arfaja na Ikrima, wakakusanyika Suhar, wakapigana Dibba. Laqit kawapanga wanawake na watoto nyuma ya safu ili wanaume wasikimbie. Waislamu walikaribia kushindwa, ikaja misaada ya Banu Najiya na Abdul Qays, ikageuka. Wanaandika waliuawa 10,000. Dibba ilikuwa soko kubwa wakija watu wa Sindi, Hindi mpaka China, lakini 10,000 kwa siku moja mimi nimefika pale mara kadhaa, bonde la Dibba unalijua kwa macho, hiyo hesabu mpokezi alikuwa na shibe.

Ilivyo kwa wanahistoria wa Kiomani: hakukuwa na kuritadi. Mkusanya zaka alivutana na mwanamke mmoja juu ya mnyama wa zaka, kambuzi tu, mama akaona anaonewa akapiga ukelele wa kuwaita jamaa zake, yaa aala Malik! Wakaja. Hudhayfa akasikia ule wito akahesabu ni wito wa kijahiliya, wa zama za kabla ya Uislamu, watu wamerudi nyuma, akawakamata akawapeleka Madina mateka. Wakakaa huko wakijitetea kwamba sisi Waislamu, mpaka Omar aliposhika ukhalifa akawaachia.

Leo Dibba imekatwa vipande vitatu, kimoja Sharjah, kimoja Fujairah, kimoja cha kwetu Omani. Na hao kina Julanda msiwasahau, ni ukoo huo huo ambao baadae wakati wa Hajjaj, gavana wa Iraq, ndugu wawili Suleiman na Said walishindwa vita wakapakia jahazini wakakimbilia nchi ya Zanji, yani huko mlipo.

Karani wa Kale:

@Muscat_kwa_Muda shehe wangu umenifungia goli, ahsante sana. Kambuzi! Mnaona sasa.

Maana Hadhramaut nako, huko walikotoka Washihiri wetu wa kahawa na halua, ni hivyo hivyo na masimulizi ni ya vitabu vile vile vya Iraq. Ziyad bin Labid anakusanya zaka kwa Kinda. Kijana mmoja akatoa ngamia jike, akapigwa chapa ya zaka, kumbe si yule aliyekusudiwa, yule ni kipenzi cha nyumba. Wakamwambia Ziyad bwana tubadilishie, chukua mwingine, hata mkubwa zaidi. Ziyad anasema chapa ishapigwa, haki ya Mungu hairudi. Akaja mtu mzima, Haritha bin Suraqa, akaombea, akakataliwa. Akaenda kwenye zizi mwenyewe akamfungua ngamia akamfukuza aende zake, akasema anayemtaka aje. Kwisha habari. Kutoka hapo mpaka ngome ya Nujayr kuzingirwa.

Mimi nikisoma hii huwa najiuliza Ziyad angesema tu haya lete mwingine ingekuwaje, na sipati usingizi. Karani mmoja, muhuri mmoja, "mfumo hauruhusu". Nimekaa madirishani kwenye ofisi moja ambayo siitaji nikasikia sentensi hiyo hiyo kwa sauti hiyo hiyo.

Nujayr ilipobanwa na njaa kiongozi wao al-Ashath bin Qays akatoka kuomba amani, akaandikiwa karatasi ya watu wachache wa kwake watakaosalimika. Akaorodhesha ndugu, akaorodhesha jamaa, ngome ikafunguliwa, wanaume wakapigwa shingo, ikaja karatasi isomwe. Jina lake halimo. Alijisahau! Akapelekwa Madina amefungwa minyororo, akajieleza, Abubakar akamsamehe na akamwoza dada yake Umm Farwa. Sijui wewe msomaji, mimi hapo huwa naweka kitabu pembeni kwanza.

Bwashee77:

Kwaiyo Khalid na Malik bin Nuwayra nayo utaigusa au utakwepa? Maana hapo ndo watu wanarushiana viti.

Karani wa Kale:

Naigusa kwa adabu.

Malik alikuwa mkubwa wa Banu Yarbu katika Tamim, mshairi, mtu wa nywele nzuri, Mtume alimpa kazi ya kukusanya zaka ya watu wake. Habari ya kifo cha Mtume ilipofika, ngamia wa zaka wako mikononi mwake, akawarudishia wenyewe. Chukueni mali yenu. Ni kuritadi au ni mtu anasubiri ajue nani mkubwa mpya? Humo katikati akaja Sajah, mama mwenye wahyi wake, akapatana naye, hilo likamchafua zaidi. Sajah alipoondoka kwenda kwa Musaylima Malik akawaambia watu wake watawanyike, wasipigane.

Khalid akafika Butah hakuna mtu. Vikosi vyake vikaleta Malik na wenzake. Walioleta wenyewe wakagawanyika, Abu Qatada anasema hawa waliadhini wakasali, wengine wanasema hapana. Usiku ulikuwa wa baridi kali. Kuna mapokezi kwamba Khalid alitangaza "wapasheni joto mateka wenu", na kwa lahaja ya Kinana neno hilo ni kuua, walinzi wakawaua. Malik kauawa na Dirar bin al-Azwar. Khalid akamwoa mjane wake, Umm Tamim. Abu Qatada akaondoka jeshini kwa hasira mpaka Madina, Omar akasimama kidete Khalid avuliwe, Abubakar akasema alitafsiri akakosea, siurudishi alani upanga aliouchomoa Mungu, na akalipa dia (fidia ya damu) ya Malik. Sasa kama dia imelipwa ina maana gani, hilo nawaachia mashehe, mimi naona tu kwamba mabishano yenu ya mtandaoni walishabishana Omar na Abubakar wenyewe kabla yenu, tena kwa heshima.

Twende Yamama, mwishoni mwa 632 kuingia 633. Ikrima alikuwa na pupa, hakumsubiri Shurahbil, akachapwa na Banu Hanifa. Akaja Khalid. Njiani akamkamata Mujjaa bin Murara, mkubwa wa Hanifa, akamfunga minyororo ndani ya hema lake chini ya ulinzi wa Umm Tamim, yule yule mjane wa Malik. Vita vilipoanza Aqraba Waislamu wakasukumwa nyuma mpaka Hanifa wakaingia hema la Khalid wakitaka kumuua yule mama, Mujjaa aliyefungwa akawaambia niacheni, huyu yuko chini ya hifadhi yangu, mwanamke huru mwema, nendeni mkapigane na wanaume. Wakamwacha.

Baadae ikageuka, Hanifa wakajifungia kwenye bustani ya ukuta iliyokuja kuitwa bustani ya mauti, al-Bara bin Malik akarushwa juu ya ukuta akafungua mlango kwa ndani, na Musaylima akauawa na Wahshi kwa mkuki ule ule aliomuulia Hamza, ami yake Mtume, kwenye vita vya Uhud. Mahafidhi, waliohifadhi Quran kichwani, waliokufa pale ni wengi kiasi kwamba ndo kilichomfanya Omar amshauri Abubakar Quran ikusanywe, kazi akapewa Zayd bin Thabit.

Mujjaa sasa. Khalid jeshi lake limechoka, Mujjaa anamwambia uliowaua ni wa mbele tu, ngome bado zimejaa wanaume, bora suluhu. Kisha akaenda ngomeni, kumebaki wanawake, watoto na wazee, akawavalisha akina mama deraya wasimame ukutani. Khalid anatazama kwa mbali anaona weusi wa chuma ukuta mzima, akakubali suluhu nafuu. Mlango unafunguliwa hola, akina mama. Ewe umenihadaa! Mujjaa akasema ni watu wangu, ningefanya nini. Khalid akaiheshimu karatasi.

Binti_Shangani:

Wanawake wa ukutani ndo waliookoa kabila halafu hata majina yao hatuna. Na Malik nani alimlilia?

Karani wa Kale:

Ndugu yake Mutammim, bibie. Aliyekuwa na jicho moja, alilia mpaka inasemekana lile bovu nalo likatoa machozi, na marthiya zake, mashairi ya maombolezo, kwa Malik Waarabu wanazihesabu katika bora kabisa za lugha yao.

Miaka ikapita, Omar ndo khalifa, keshawaachia mateka wa Kiarabu warudi kwao. Omar naye alifiwa na kaka yake Zayd bin al-Khattab pale Yamama akiwa na bendera mkononi. Akamwita Mutammim akamwomba amsomee aliyomwambia nduguye, akasikiliza, akasema laiti ningejua kutunga kama wewe ningemlilia Zayd hivyo. Mutammim akamjibu, ewe amiri, ndugu yangu angekufa kama alivyokufa nduguyo nisingemlilia.

Omar akasema hakuna aliyenipa pole ya Zayd kama hii.